Kabla hujaomba utundikiwe dripu

Mgonjwa akirudi nyumbani na vidonge tu, majirani wanaokuja kumjulia hali huwa na swali moja: "Hata dripu hukutundikiwa?" Akijibu hapana, watu hutazamana. Hospitali hiyo haifai. Aliyemaliza chupa tatu, huyo ndiye wanayemhesabu kuwa ametibiwa. Imani hiyo siku hizi imepata na soko lake: katika miji yetu mikubwa kuna vituo vya urembo vinavyouza dripu za vitamini, za kung'arisha ngozi na za kuondoa uchovu wa pombe, na wateja hujipiga picha wakiwa na kanula, yaani kimrija cha dripu, mkononi kana kwamba wapo ufukweni.

Wapo pia wanaoiogopa kama ajali. Kwao, ukisikia mtu kawekewa maji basi ndugu waanze kupigiana simu. Hewa ikiingia, umekwisha. Sindano inabaki ndani ya mkono, ukijikunja inavunjika. Hofu hizo na matumaini hayo vyote humwangukia mtu mmoja, naye ni nesi. Ndiye anayebembelezwa atundike dripu isiyohitajika, na ndiye anayefokewa kwa nini inakwenda polepole.

Dripu ni njia tu ya kupitishia kitu. Kitu hicho kinaweza kuwa maji yenye chumvi, sukari, damu au dawa, na kinaingizwa moja kwa moja kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Kidonge hupita tumboni, kikanyonywa na utumbo, kikapita kwenye ini, ndipo kikaingia katika damu. Njia ya mshipa huruka hatua zote hizo. Faida yake ni kwamba dawa hufika ndani ya sekunde chache. Hatari yake ni hiyo hiyo: ukikosea, kosa nalo limefika ndani ya sekunde chache, na huwezi kulitapika.

Ndani ya chupa kuna nini

Maji yanayotundikwa zaidi ni ya aina tatu. Ya kwanza ni salaini, ambayo ni maji yenye gramu 9 za chumvi katika kila lita. Kipimo hicho kina sababu. Maji matupu yakiingizwa kwa wingi kwenye mshipa, chembe nyekundu za damu huyanyonya, zinavimba na kupasuka. Chumvi ya kiwango hicho huzituliza zisivimbe wala kusinyaa.

Ya pili ni maji ya sukari, dekstrosi ya asilimia 5. Lita nzima ina gramu 50 za sukari, ambazo ni karibu sawa na zile zilizomo kwenye soda ya nusu lita. Kwa hiyo mtu aliyelala saa nane akisubiri chupa ya "kuongeza nguvu" iishe, kwa hesabu ya chakula amekunywa soda moja, tena kwa bei ya juu na kwa kuchomwa. Salaini haina hata hicho. Nguvu inayopatikana ndani yake ni sifuri.

Ya tatu ni Ringa, na hii ina kisa chake. Sydney Ringer alikuwa daktari wa London aliyekuwa akichunguza moyo wa chura mwanzoni mwa miaka ya 1880. Aliuweka kwenye maji ya chumvi, ukaendelea kudunda vizuri, akaandika kwamba chumvi inatosha. Baadaye akagundua kwamba msaidizi wake hakuwa akitumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, bali maji ya bomba, na bomba la London lilikuwa na kalisi (kalsiamu). Alipotumia maji yaliyokenekwa, moyo ukazimika. Hivyo ndivyo kalisi na potasiamu zilivyoingia kwenye mchanganyiko. Katika miaka ya 1930 daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, akaongeza lakteti ili kupunguza tindikali inayojikusanya kwenye damu ya watoto wanaoharisha. Chupa iliyoandikwa RL unayoiona wodini imetoka huko.

Mbona basi watu hupata nafuu? Wengine walikuwa wamekaukiwa na maji kweli, na aliyekaukiwa akirudishiwa maji hufumbua macho na kuomba uji. Wengine sukari ilikuwa imeshuka. Wengi, nadhani, ni dawa iliyopitishwa humo ndiyo iliyowaponya, lakini dawa ni tone dogo lisiloonekana na chupa inaning'inia juu kila mtu anaiona, kwa hiyo sifa zote huchukua chupa. Na usisahau kwamba mtu amelazwa kitandani saa kadhaa bila kuitwa shambani wala kazini.

Unyoya, kibofu na kipindupindu

Wazo la kutia kitu mshipani halikuwezekana mpaka watu wajue damu inazunguka, jambo ambalo William Harvey alilichapisha mwaka 1628. Mnamo 1656, huko Oxford, Christopher Wren, yule yule aliyekuja kuwa msanifu majengo mashuhuri, alichukua kibofu cha mnyama, akakifunga kwenye unyoya wa ndege uliochongwa, akamtia mbwa afyuni iliyochanganywa na mvinyo kwenye mshipa. Mbwa akalewa chakari, akapona. Mwaka 1667 daktari wa Paris, Jean-Baptiste Denys, alithubutu kumtia binadamu damu ya mwanakondoo. Baadhi ya wagonjwa waliishi, mmoja akafa, kesi ikafika mahakamani, na jambo lote likapigwa marufuku. Hakuna aliyejua habari za makundi ya damu wakati huo. Karl Landsteiner aliyafumbua huko Vienna mwaka 1901.

Dripu tunayoijua sisi ilizaliwa na kipindupindu. Ugonjwa huo ulipotua Uingereza mwaka 1831, madaktari walikuwa wakiwatibu wagonjwa kwa kuwatoa damu. Kijana wa miaka 22, William O'Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa akakuta imepoteza maji na chumvi, na akapendekeza virudishwe. Mei 1832, huko Leith karibu na Edinburgh, Thomas Latta akalifanya hilo kwa mkono wake.

Mgonjwa wake alikuwa mama mzee ambaye tiba zote zilizokuwapo zilikuwa zimeshindwa, na alionekana hana dakika nyingi. Latta alitia kijibomba kwenye mshipa wa mkono na kuanza kusukuma maji ya chumvi kidogo kidogo huku akimwangalia usoni. Mwanzo hakuona lolote. Kisha pumzi ikaanza kusikika, uso uliokuwa umebonyea ukajaa, mapigo yaliyopotea yakarudi kwenye kifundo cha mkono. Katika nusu saa yalikuwa yameingia karibu lita tatu, na mama yule, kwa sauti imara, akasema hana tena taabu yoyote, akaanza hata kutania, akidhani anahitaji usingizi kidogo tu.

Latta akaona amemaliza kazi, akamwacha mikononi mwa daktari wa hospitali, akaenda zake. Haukupita muda, kutapika na kuharisha kukarudi. Maji aliyopewa yakatoka yote. Hakuna aliyemrudishia, wala hakuna aliyetumwa kumwita Latta. Saa tano na nusu baada ya kuachwa, mama akafariki. Latta aliyaeleza haya mwenyewe bila kuficha. Wagonjwa wake wengine walipona, lakini mwaka uliofuata alifariki, wapinzani wakaitaja vibaya njia yake, na ikasahaulika kwa miongo. Kipindupindu kilipoivamia Zanzibar mwaka 1869 na kuua maelfu, ilikuwa imepita miaka 37 tangu dawa ipatikane.

Wanaoisimulia habari hii husifu ugunduzi. Mimi naona funzo kubwa liko kwenye zile saa tano na nusu. Maji yalikuwa sahihi, mshipa ulikuwa sahihi, na mgonjwa alikufa kwa kukosa mtu wa kukaa naye.

Mikono iliyoipokea kazi

Kwa muda mrefu kuchoma mshipa ilikuwa kazi ya daktari, nesi akishika trei. Na ilikuwa kazi ya hatari, maana wagonjwa wengi walitetemeka kwa homa kali baada ya kupewa maji. Mwaka 1923 Florence Seibert wa Marekani alionyesha kwamba homa hiyo ilitokana na masalia ya bakteria kwenye maji yenyewe, hata kama yamechemshwa na bakteria wamekufa. Akatengeneza mtambo wa kukeneka maji yasiyo na masalia hayo. Tangu hapo ikawezekana kuyatengeneza maji ya mshipa kiwandani na kuyasambaza hospitalini.

Mwaka 1940 Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, ilimpa muuguzi Ada Plumer jukumu ambalo halikuwa limezoeleka: kuweka dripu na damu kwa wagonjwa. Kazi ilikuwa pia kuosha mipira na kunoa sindano. Naam, kunoa. Sindano zilikuwa za chuma, zinatumika, zinachemshwa, zinapoteza makali, zinanolewa, zinarudi kwa mgonjwa mwingine. Chuma hicho kilibaki mshipani muda wote wa dripu, kwa hiyo mkono ulifungwa kwenye ubao ili mgonjwa asijitoboe.

Mwaka 1950 daktari kijana wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, David Massa, alitengeneza sindano iliyovikwa mrija wa plastiki kwa nje. Ukishaingia, chuma kinatolewa, plastiki inabaki. Ndiyo kanula ya leo. Kwa hiyo jibu la wanaoogopa sindano kuvunjika ndani ni kwamba hakuna sindano ndani. Kuna kimrija laini kinachopinda pamoja na mshipa.

Mwaka 1973 Plumer na mwenzake Marguerite Knight walianzisha chama cha wauguzi wa kazi hii, na Marekani huwaadhimisha kila Januari 25. Kwetu hatuna siku yao ya peke yao. Tunawaweka wote kwenye Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale.

Mtazame nesi anavyofanya. Anafunga mpira juu ya kiwiko, anakuambia ukunje ngumi, halafu haangalii sana, anapapasa. Mshipa mzuri huujua kwa ncha ya kidole kabla ya jicho, na kwa mtoto aliyekaukiwa au bibi mwenye mishipa inayokimbia, kidole ndicho pekee kinachosaidia. Anachagua kanula kwa rangi: ya njano kwa mtoto mchanga, ya buluu kwa mtoto mkubwa kidogo au mtu mwenye mishipa myembamba, ya pinki kwa mtu mzima, ya kijani ikiwa maji au damu vinatakiwa viende haraka. Anafuta kwa spiriti na kuacha ikauke. Anachoma kwa kulaza. Tone la damu likionekana kwenye kichupa cha nyuma, anajua yumo. Anasukuma plastiki mbele huku akirudisha chuma nyuma, anabana mshipa kwa kidole damu isimwagike, anaunganisha mrija. Ukipepesa macho umeyakosa.

Kisha hesabu. Tuseme daktari ameandika lita moja kwa saa nane. Mrija wa kawaida wa mtu mzima hutoa matone 20 kwa kila mililita, kwa hiyo lita moja ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya, unapata matone 42 kwa dakika. Nesi anasimama na saa yake, anahesabu matone 10 au 11 kwa robo dakika, anakaza au kulegeza kile kigurudumu kwenye mrija, anahesabu tena. Mgonjwa akigeuka au akiinua mkono, mwendo unabadilika na hesabu inaanza upya. Zidisha hiyo kwa wodi nzima ya zamu ya usiku.

Ndiyo maana ndugu anayesogeza kigurudumu "iishe tuondoke" hajui anachokifungulia. Maji yakizidi kasi moyo huelemewa, na maji huvuja kwenye mapafu. Ikiwa ndani kuna potasiamu, kasi inaweza kuusimamisha moyo wenyewe.

Watoto wa Kilifi, Muheza na Mbale

Kwamba maji yanaweza kuua, hata yakitolewa kwa nia njema na wataalamu, tulilijua kwa uhakika kutokana na watoto wetu. Mwaka 2009 ulianza utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, Kenya. Ulihusisha hospitali sita: Kilifi yenyewe, Teule iliyoko Muheza, Tanzania, na nne za Uganda zikiwemo Mulago na Mbale. Swali lilikuwa rahisi. Mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, vitabu vya nchi tajiri vilisema amwagiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Je, inasaidia?

Watoto 3,141 waligawanywa. Kundi moja lilipewa salaini kwa haraka, jingine maji ya albumini (protini ya damu) kwa haraka, la tatu likapewa maji ya polepole tu. Wengi walitarajia kundi la tatu lifanye vibaya. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya maji ya haraka, na asilimia 7.3 katika lile la polepole. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Kwa kila watoto 100, wapatao watatu walipotea zaidi kwa sababu ya maji ya haraka.

Usitoke hapa ukisema dripu ni mbaya. Watoto wa kuharisha na kutapika hawakuhusishwa kwenye utafiti huo, kwa sababu wao mahitaji yao ni tofauti kabisa. Mtoto wa kilo 10 aliyepita mwaka mmoja, akikaukiwa vibaya kwa kuharisha, anatakiwa apate lita nzima ya Ringa ndani ya saa tatu. Aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, aliyeungua, asiyeweza kumeza, wote hao dripu inawaokoa. Mtoto mmoja anahitaji lita ndani ya saa tatu, wa kitanda cha pili lita hiyo hiyo ingemdhuru. Kutoka mlangoni huwezi kuwatofautisha.

Kwa nini siku hizi malaria haina dripu

Nadhani mapenzi yetu kwa dripu yametokana na kwinini. Watu wenye umri wa kati leo walikua wakiona malaria kali ikitibiwa hivyo: kwinini kwenye maji ya sukari, inakwenda saa nne, kila baada ya saa nane. Masikio yanavuma, lakini mtu anapona. Chupa ile ilikuwepo kwa sababu kwinini ikiingia haraka hushusha presha na kuvuruga moyo, na pia hushusha sukari mwilini. Maji yalikuwa ya kuichelewesha, sukari ya kuziba pengo.

Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ulionyesha kwamba dawa nyingine ya malaria, atesuneti, huokoa wengi zaidi kuliko kwinini. Nayo husukumwa mshipani kwa dakika chache kwa bomba la sindano. Chupa haina kazi tena. Mzazi anaona mtoto kachomwa sindano fupi, anadhani kapunjwa.

Kwa kuharisha ni vivyo hivyo. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojazana Bangaon, India, kipindupindu kilizuka na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi, magadi ya mkate na glukosi kwenye mapipa, akawapa ndugu vikombe wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo vilivyokuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya vinne. Sukari husaidia utumbo kuivuta chumvi, na maji hufuata chumvi. Hiyo ndiyo ile pakiti ya ORS tunayopewa bure na kuitupa kabatini kwa sababu haikuja na mrija.

Hewa, ngozi nyeupe na mengineyo

Kuhusu hewa: viputo vidogo unavyoviona kwenye mrija huishia mapafuni na kunyonywa. Hewa nyingi ni hatari kweli, ndiyo maana nesi hupitisha maji kwenye mrija kwanza kabla ya kukuunganisha. Lakini dripu ya kuning'inia ikiisha, maji hushuka mpaka uzito wake ulingane na msukumo wa damu yako, yakasimama. Mara nyingi damu kidogo ndiyo hupanda kwenye mrija. Tatizo la kweli hapo ni kuganda: kanula inaziba, unachomwa upya.

Dripu za kung'arisha ngozi huwa na kemikali iitwayo glutathayoni. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino, ambako biashara hiyo ilishamiri mapema, imewahi kuwatahadharisha watu wake rasmi, ikitaja madhara kwenye figo, ini na ngozi. Vitamini kwa mtu anayekula vizuri nazo hutoka kwenye mkojo. Ila kinachonitisha zaidi ni ule mlango uliofunguliwa kwenye damu na mtu ambaye hujui alijifunza wapi, kwenye chumba kisicho na dawa ya kuokoa mtu akipata mzio, na hakuna anayehesabu matone. Wodini, kanula ikivimba au kuwa nyekundu, kuna anayeiona na kuitoa.

Ukiwa na mgonjwa wako, muulize nesi: dripu hii ni ya nini, na iishe saa ngapi? Ni swali la haki na wengi hulijibu kwa furaha, kwa sababu mtu anayejua saa ya kuisha hamfokei mtu. Mwite upesi ukiona mgonjwa anatetemeka, anahema kwa shida, anawashwa mwili, au mkono juu ya kanula umevimba na kuwa wa baridi. Mkono ukivimba maana yake maji yametoka nje ya mshipa. Hauhitaji kukandwa wala kupuliziwa. Unahitaji dripu ifungwe, kanula itolewe, na mpya iwekwe mkono mwingine.